Kumtafuta Mtu wa Nne

Kama uko Shauri Moyo hapa Nairobi jioni hii, najua kelele si haba. Nyundo za mafundi wa Kamukunji hazijalala, makanga wa Jogoo Road wanaita abiria, na kule soko la Burma nyama iko motoni. Basi ongeza sauti ya redio kidogo, tuzungumze habari za mbio.

Marathoni na mbio za nyika nitaziacha. Hizo zina wasemaji wengi, na Iten na Eldoret hazihitaji wakili. Leo ninao watu wa mbio fupi, wa mita 100, 200 na 400, na hasa wale wanaopokezana kijiti. Swali langu ni la tumbo. Kijana wa Shauri Moyo aliyezaliwa na kasi, anayewaacha wenzake wote wakila vumbi pale uwanja wa Kamukunji, anaweza kuifanya kasi hiyo kuwa kazi? Ikamlipia nyumba, ikamsomeshea watoto?

Mimi nasema anaweza, ila kwa sharti moja: apate wenzake watatu. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, lakini kwanza tuondoe kauli moja iliyotukaa kooni kama mwiba wa samaki. Wapo wanaosema Mkenya hakuumbiwa mbio fupi, kwamba hizo ni za Wajamaika na Wamarekani, sisi tuachiwe mizunguko ishirini na tano. Anayesema hivyo hajui historia ya nchi yake.

Mwaka 1958, michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika Cardiff. Kenya ilirudi na nishani mbili za shaba, za kwanza kabisa kwetu katika michezo hiyo. Moja ilikuwa ya Arere Anentia wa maili sita. Ya pili ilikuwa ya Bartonjo Rotich, na Rotich alikuwa mtu wa yadi 440 kuruka viunzi. Mzunguko mmoja tu, tena wenye viunzi. Miaka minne baadaye, mwaka 1962 kule Perth, Australia, Seraphino Antao alishinda yadi 100 kisha akashinda na yadi 220. Dhahabu mbili kwa mpigo. Antao alikuwa mtoto wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1937 katika familia yenye asili ya Goa, na hakuna Mkenya aliyewahi kushinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola kabla yake. Kenya ilikuwa bado koloni, uhuru ulikuwa mwaka mmoja mbele. Tulipokwenda Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 kwa mara ya kwanza tukiwa taifa huru, aliyebeba bendera alikuwa huyo huyo Antao, mtu wa mbio fupi kutoka pwani.

Kwa hiyo kabla Kipchoge Keino hajashinda dhahabu yoyote, tulikuwa na bingwa wa yadi 100. Sijui ni lini tulikubaliana kumsahau.

Sasa tuje kwenye kijiti. Hapa naomba utulivu, maana habari yenyewe ni tamu na haisimuliwi inavyostahili.

Mexico, mwaka 1968. Kenya inaingiza timu ya mita 400 mara nne: Daniel Rudisha, Munyoro Nyamau, Naftali Bon na Charles Asati. Ndiyo, Rudisha huyo ni baba yake David, bingwa wa mita 800 wa London 2012. Wamarekani walishinda kwa dakika 2 na sekunde 56.16, muda uliotikisa dunia, na Lee Evans ndiye aliyemalizia. Wa pili wakawa Wakenya, dakika 2 na sekunde 59.64. Fedha ya Olimpiki katika mbio za kasi. Miaka miwili baadaye kule Edinburgh, michezo ya Jumuiya ya Madola, Asati akashinda mita 400, akapata shaba ya mita 200, kisha akaungana na Nyamau, Julius Sang na Robert Ouko wakachukua dhahabu ya kijiti. Nishani tatu kwa mtu mmoja katika michezo ile ile. Ukitaka kujua maisha ya mwanariadha wa mbio fupi na kijiti yanafananaje, mtazame Charles Asati, mtu wa Kisii, kuanzia Mexico 1968 hadi Christchurch 1974, alikoshinda tena mita 400 na kijiti.

Katikati ya safari hiyo ndipo ilipokuja Munich.

Michezo ya Munich ya 1972 ina kivuli chake, unakijua. Tarehe 5 Septemba wapiganaji wa Kipalestina waliingia kijiji cha wanariadha, na Waisraeli kumi na mmoja wakauawa. Michezo ikasimama, kisha ikaendelea. Tarehe 7 ikawa fainali ya mita 400. Vince Matthews akashinda, Wayne Collett wa pili, Wamarekani wote. Wa tatu Julius Sang, sekunde 44.92. Wa nne Charles Asati, sekunde 45.13. Pale jukwaani Matthews na Collett, watu weusi wenye machungu na nchi yao, walisimama kivivu wimbo wa taifa lao ukipigwa, wakizungumza. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikawafungia. Mwenzao wa tatu, John Smith, alikuwa ameumia msuli kwenye fainali ile ile. Marekani ikajikuta haina watu wanne wa kukimbiza kijiti, ikajitoa.

Hapo ndipo wachokozi husema dhahabu ya Kenya ilikuwa ya bure. Nami nawajibu hivi. Mashindano ya kijiti yanauliza kama una wanne walio tayari siku hiyo. Marekani haikuwa nao. Kenya ilikuwa nao, na wawili kati yao walitoka kushika nafasi ya tatu na ya nne duniani siku tatu nyuma. Asati akaanza, akampa Nyamau, Nyamau akampa Ouko, Ouko akampa Sang. Sang alipokea kijiti Mjerumani Karl Honz akiwa mbele, nyumbani kwake, umati mzima ukimpigia kelele. Honz akachomoka kama mtu anayekimbia mita 200. Sang hakumfuata kwa pupa. Alimwacha ajimalize, akamla kwenye mita za mwisho, na mzunguko wake ukapimwa chini ya sekunde 44. Kenya dakika 2 na sekunde 59.83, Uingereza wa pili, Ufaransa wa tatu. Wajerumani wakatoka mikono mitupu.

Tena angalia timu yenyewe. Asati, Nyamau na Ouko ni watu wa Kisii, Sang ni Mkalenjin. Na Ouko hakuwa mtu wa mita 400. Alikuwa mtu wa mita 800, bingwa wa Jumuiya ya Madola wa 1970, na hapo Munich alikuwa wa tano katika fainali ya mita 800. Makocha walikuwa na wakimbiaji watatu wa kasi, wakamtafuta wa nne, wakampata kwenye mbio jirani. Sang na Ouko walikuwa pia wanafunzi wa chuo kimoja Marekani, North Carolina Central, chini ya kocha LeRoy Walker, kwa hiyo kijiti kile cha mwisho, kutoka kwa Ouko kwenda kwa Sang, kilipita kati ya watu waliojuana vizuri sana.

Sasa utaniuliza, wanaume hao walitajirika? Hawakutajirika. Sheria za wakati ule zilimkataza mwanariadha wa Olimpiki kulipwa kwa kukimbia. Mwaka 1973 walipotokea Wamarekani na mashindano ya kulipwa, Kipchoge Keino alijiunga, na Ben Jipcho akafuata, lakini kuingia huko kulimaanisha kuiaga Olimpiki. Mkimbiaji wetu aliishi kwa mshahara wa sare: jeshi, polisi, magereza. Nchi yetu ilimlipa kwa cheo cha begani.

Kisha siasa ikaingia. Montreal 1976 tulisusia kwa sababu New Zealand ilipeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Sababu ilikuwa ya haki. Moscow 1980 tukasusia tena, safari hii kwa ajili ya Afghanistan, na hiyo mimi sijawahi kuiona faida yake. Bingwa wa kijiti wa Munich hakupata nafasi ya kutetea taji. Kwenye Jumuiya ya Madola tuliendelea kushinda, 1974 na tena 1978 kule Edmonton, lakini kizazi kizima kilipita bila Olimpiki. Mwanariadha wa mbio fupi hana miaka mingi. Ukimnyima Olimpiki mbili umemnyima maisha yake yote ya kazi.

Dada zetu nao wasisahaulike. Mwaka 1984, Los Angeles, Ruth Waithera alifika fainali ya mita 400 akamaliza wa nane. Fainali ya Olimpiki, mzunguko mmoja, mwanamke wa Kenya, miaka zaidi ya arobaini iliyopita. Tungekuwa na utaratibu, angekuwa wa kwanza katika foleni ndefu.

Miaka ya tisini ilitupa kundi jingine. Samson Kitur alipata shaba ya mita 400 Barcelona 1992, na shaba nyingine Stuttgart 1993 kwenye ubingwa wa dunia. Hapo Stuttgart, Kennedy Ochieng, Simon Kemboi, Abednego Matilu na Kitur walichukua fedha ya kijiti nyuma ya Wamarekani walioweka rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata Charles Gitonga akawa bingwa wa Jumuiya ya Madola wa mita 400. Baada ya hapo, msikilizaji, ukimya. Watoto wa miaka ya elfu mbili wakakua wakiamini kwamba kasi si yetu.

Mpaka akaja Ferdinand Omanyala.

Omanyala alizaliwa mwaka 1996, akakulia magharibi mwa Kenya, akaja Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea kemia. Alikuwa akicheza raga. Kasi yake haikuonekana Iten, ilionekana kwenye uwanja wa chuo. Na mwanzo wake haukuwa laini. Mwaka 2017 alipatikana na dawa iitwayo betamethasoni, iliyotokana na matibabu ya maumivu, akafungiwa miezi 14. Naomba kila kijana anayenisikia ashike hili. Sindano ya mgongo unayochomwa kwenye zahanati ya mtaa, bila kumwambia daktari kwamba wewe ni mwanariadha, inaweza kukutoa uwanjani mwaka mzima na zaidi. Aliporudi, kulikuwa na waliotaka asiende Olimpiki ya Tokyo kwa sababu ya adhabu ile aliyokwisha kuitumikia. Akaenda. Akafika nusu fainali ya mita 100, akakimbia sekunde 10.00.

Mwezi huo huo wa Agosti 2021, kule Austria, akavunja ukuta wa sekunde kumi. Kisha tarehe 18 Septemba, Kasarani, mbele ya watu wake, akakimbia sekunde 9.77. Trayvon Bromell wa Marekani ndiye aliyeshinda, kwa 9.76, lakini 9.77 ilikuwa rekodi ya Afrika, ikaondoa 9.84 ya Akani Simbine. Mwaka 2022 akawa bingwa wa Afrika, na tarehe 3 Agosti mjini Birmingham akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola kwa sekunde 10.02. Miaka sitini baada ya Antao. Mwaka 2023 akashinda Diamond League kule Monaco, akafika fainali ya dunia Budapest, akamaliza wa saba.

Lakini kuna siku moja katika maisha yake ambayo mimi huikumbuka kuliko rekodi zote. Julai 2022, ubingwa wa dunia ulikuwa Oregon, Marekani. Viza yake ilichelewa. Mtu wa kasi zaidi Afrika alikaa Nairobi akingoja muhuri, akatua Oregon saa chache kabla ya mchujo, akakimbia. Akavuka mchujo, akakwama nusu fainali. Angekuwa mmoja wa timu ya vijiti yenye meneja, yenye orodha iliyopelekwa ubalozini miezi mitatu mbele, je, angengoja peke yake vile? Mtu mmoja ofisi humsahau kirahisi. Wanne hupiga kelele.

Hapo ndipo nafika kwenye sababu ya sharti langu.

Mwanariadha wa mita 100 anayekimbia sekunde 10.25 hana kazi duniani. Hataitwa Monaco, hataitwa Zurich, hakuna atakayemlipia tiketi. Wako mamia kama yeye. Lakini kusanya wanne wa 10.25, waweke kambi moja mwaka mzima, wafundishe kupokezana, na hao wanne wataingia mahali ambapo hakuna hata mmoja wao angeingia akiwa peke yake. Paris 2024 ni shahidi. Kanada haikuwa na mtu hata mmoja kwenye fainali ya mita 100. Marekani ilikuwa na watatu, akiwamo bingwa mwenyewe. Kwenye kijiti, Wamarekani walibabaika kwenye makabidhiano ya kwanza, wakaondolewa. Kanada ikashinda dhahabu kwa sekunde 37.50. Wakanada wale walikuwa wamekimbia pamoja kwa miaka, kila mmoja anajua mkono wa mwenzake utakuwa wapi.

Maana kupokezana ni kazi ya fundi. Katika mita 100 mara nne, anayepokea hamtazami anayeleta. Ameweka alama chini, kipande cha utepe, na mwenzake akigusa alama ile yeye anafyatuka kwa nguvu zake zote, macho mbele. Wana mita 30 za kukabidhiana, basi. Akiondoka mapema, kijiti hakimfikii. Akichelewa, wanagongana. Wa kwanza anabeba kwa mkono wa kulia kwa sababu yuko kwenye kona, wa pili anapokea kwa kushoto, wa tatu kulia, wa nne kushoto. Nenda Kamukunji ukawatazame wanaotengeneza masanduku ya shule: mmoja anakata bati, wa pili anakunja, wa tatu anapiga ribiti, wa nne anapaka rangi, na hakuna anayeinua kichwa kuuliza mwenzake amefika wapi. Ndivyo timu nzuri ya kijiti ilivyo. Ujuzi huo haupatikani kwa wiki mbili za kambi kabla ya ndege.

Na sisi tunafanyaje? Tunao wakimbiaji wa polisi, wa jeshi, wa magereza. Kila kikosi kina timu yake, na mashindano ya vikosi huwa na joto la kweli. Kisha timu ya taifa inateuliwa, mmoja kutoka huku, wawili kutoka kule, wanakutanishwa dakika za mwisho na kuambiwa washinde dunia. Omanyala mwenyewe ni mtu wa polisi. Mpe kijiti mbele ya wenzake ambao hajawahi kufanya nao mazoezi ya kutosha, na hiyo 9.77 yake haina maana.

Fedha je? Nisikudanganye kwamba ni nyingi. Mwaka 2024 Shirikisho la Riadha Duniani lilitoa dola 50,000 kwa kila dhahabu ya Olimpiki ya riadha, na timu ya kijiti ikagawana hizo hizo. Yaani dola 12,500 kwa kila mmoja, zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Huwezi kujenga ghorofa Umoja kwa hizo. Lakini nishani ya kijiti humpa mtu jina, jina humpa ajira katika kikosi, na ajira ndiyo mshahara wa kila mwezi wenye bima na pensheni. Kwa mtoto wa nyumba ya chumba kimoja, hesabu hiyo inaeleweka haraka.

Ina hatari zake pia. Kijiti hukufunga na tabia za wenzako. Usain Bolt alikimbia safi maisha yake yote, lakini dhahabu yake ya kijiti ya Beijing 2008 ilichukuliwa mwaka 2017 kwa sababu Nesta Carter alipatikana na dawa. Upande wa pili wa sarafu ni Nigeria. Sydney 2000 walipata fedha ya mita 400 mara nne nyuma ya Wamarekani. Antonio Pettigrew akaja kukiri kwamba alitumia dawa, Marekani ikanyang'anywa, na dhahabu ikawaangukia Wanigeria mwaka 2012. Sunday Bada, mmoja wa wale wanne, alikuwa amefariki Desemba 2011. Alizikwa akiwa mshindi wa pili.

Turudi mtaani. Shauri Moyo ilijengwa na manispaa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwaweka watu waliobomolewa nyumba zao Pangani. Tangu hapo imekuwa mtaa wa watu wanaojua kuanza upya. Hatua chache kutoka hapo, Muthurwa, ndiko walikokulia McDonald Mariga na Victor Wanyama, ndugu wawili. Mariga alikuwa kwenye kikosi cha Inter Milan kilichoshinda Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2010. Wanyama alicheza Southampton na Tottenham. Kwa nini Eastlands ilizaa wanasoka wa kiwango hicho lakini haikuzaa timu ya kijiti? Miguu ni ile ile. Tofauti ni kwamba kandanda ina ngazi unayoiona kwa macho: timu ya mtaa, timu ya shule, klabu, ligi, ajenti. Mtoto wa kasi akionekana Kamukunji, yupo mzee wa timu atakayemshika mkono jioni hiyo hiyo. Mtoto huyo huyo akikimbia mita 100 kwa kasi ya ajabu kwenye mashindano ya shule, anapewa vitabu vinne na kalamu, anarudi nyumbani.

Ule uwanja wa Jogoo Road ulio jirani yenu, uliozoeleka kwa jina la City na sasa una jina la Joe Kadenge, ni nyumba ya kandanda, na Kadenge anastahili. Lakini njia za kisasa za kukimbilia katika jiji hili zinahesabika kwa vidole: Nyayo, Kasarani, Ulinzi kule Lang'ata na chache nyingine. Nyayo na Kasarani zilipofungwa kukarabatiwa kwa ajili ya michuano ya kandanda ya CHAN, mashindano ya riadha ya Kip Keino Classic ya 2025 yalihamia Ulinzi. Mwanariadha wa mbio ndefu hahitaji yote hayo, barabara ya vumbi inamtosha. Wa mbio fupi bila njia na viatu vya misumari ni kama hana kazi.

Na jiji lenyewe lina baraka ambayo hatuitumii. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi humpinga kidogo mtu anayekimbia kwa kasi. Hewa ile ile inayomkaba mgeni wa mita 10,000 humfungulia njia mtu wa mita 100. Ndiyo maana Kasarani imetoa muda wa ajabu, kama Mexico ilivyofanya mwaka 1968. Tunalala juu ya mgodi.

Botswana hawalali. Ni nchi ya watu wapatao milioni mbili na nusu. Kwenye Olimpiki ya Tokyo walipata shaba ya mita 400 mara nne. Paris 2024, Letsile Tebogo akashinda mita 200, kisha akarudi na wenzake wakachukua fedha ya kijiti. Septemba 2025 wakawa mabingwa wa dunia, timu ya kwanza ya Afrika kulitwaa taji hilo. Walikaa na kundi moja la vijana, hawakulivunja, na Gaborone ikapewa uenyeji wa mashindano ya dunia ya kupokezana vijiti ya 2026. Sisi tulikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya mbio hizo zaidi ya miaka hamsini kabla ya taji lao la dunia.

Kwa hiyo, wakuu wa Chama cha Riadha, nawaomba kitu kimoja kisicho na gharama kubwa. Chagueni wanane wa mita 100 na wanane wa mita 400, wanaume kwa wanawake, muwatoe katika vikosi vyao kwa makubaliano, muwaweke Nairobi mwaka mzima na kocha mmoja wa vijiti. Kaunti nayo itandike hata njia nne za mita 100 zilizonyooka popote Eastlands. Haihitaji jukwaa wala paa.

Na wewe mwalimu wa michezo wa shule ya msingi ya Shauri Moyo, Kaloleni au Bahati, usingoje wakuu. Ukiwa na watoto wanne wenye kasi, usimpeleke mmoja mita 100 ukawaacha watatu wakishangilia. Waweke kwenye kijiti wote. Kijiti chenyewe ni bomba jepesi la urefu wa sentimita 28 hadi 30, lisilopungua gramu 50. Nenda Kamukunji, fundi atakukatia mawili kwa bei ya chai.